Drowa za Lyle Engebretson

Lyle Engebretson alikuwa amekwisha kupakia, akashusha kila kitu, na sasa alikuwa anapakia upya. Mkewe, Lesia, alikuwa anamtazama kutoka dirisha la jikoni, koti limefungwa hadi kidevuni, mabuti ya theluji miguuni, jasho linamtoka ndani ya nyumba kwa kungoja tu. Nje, mumewe amepiga magoti nyuma ya pikapu, anaingiza boksi, anatikisa kichwa, analitoa.

Tangu majani yaanze kupukutika mwanamume huyu alikuwa haonekani ila gerejini, akitengeneza drowa. Mbili, za plaiwudi, ndefu sawa na bodi la pikapu, zinateleza juu ya reli. Juu yake kaweka sakafu ya zulia, na juu ya yote kifuniko kigumu cha kufunga kwa ufunguo. Ukishusha mlango wa nyuma na kuvuta, drowa inatoka polepole bila kelele, na ndani kila kitu kina nafasi yake iliyokatwa kwenye sponji: jeki, nyundo, tochi, blanketi, kamba ya kuvutia gari, koleo la theluji. Ndiyo, hata koleo. Koleo ambalo kila mtu mwenye akili timamu katika jimbo la Saskatchewan hulitupa nyuma ya kiti na kulisahau hadi siku ya shida, Lyle alilitoa kule kwa sababu, alisema, linaharibu mandhari. Wanaume wa mtaa walikuja na bia zao kutazama. Wakavuta drowa, wakazirudisha, wakapiga mluzi. Sifa zikampanda kichwani.

Lesia alifungua mlango. "Lyle! Jua linatuacha!"

"Kidogo tu, mpenzi. Hii sufuria yako ikikaa hapa itapinduka. Nataka ikae isitikisike."

"Nipe niipakate."

"Upakate sufuria safari nzima, na mimi nimeshaikatia nafasi yake? Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Leo si siku ya mchezo, Lyle. Leo si siku, nakwambia."

Alijua anachosema. Ndani ya sufuria mlikuwa na ngano ya asali, iliyochemshwa tangu jana, ikatiwa asali na mbegu nyeusi za mpopi. Kwao Lesia, mkesha wa Krismasi ya kalenda ya wazee, ile ya Januari, mlo hauanzi mpaka nyota ya kwanza ionekane, na kijiko cha kwanza ni cha ngano hiyo. Mwaka huu aliyeambiwa ailete ni Lesia. Aliyemwambia ni mama yake, Stefania, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hajamwambia neno.

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi ya kumzika baba yake Lesia, Lyle alishusha mizigo yote akaipanga upya kwa sababu makoti yalikuwa yanaliponda shada la maua. Walipofika makaburini kule Canora, udongo ulikuwa umekwisha kurudishwa na watu wanakung'uta viatu. Mama alimtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Umechagua." Basi. Simu zikawa hazipokelewi, kadi zikawa hazijibiwi. Lesia naye alimstahi mumewe: kila aliyeuliza alimwambia barabara ilikuwa barafu tupu. Uongo huo aliumeza peke yake, na kila mwaka ulizidi kumkwama kooni.

Halafu wiki iliyopita simu ikalia. "Leta ngano ya asali," sauti ya Mama ikasema. "Tunakaa nyota ikitoka. Usichelewe." Ikakatwa. Lesia alisimama na simu mkononi akilia kama mtoto.

Walipoondoka hatimaye, Lyle aliendesha kwa fujo, maana sasa naye alikuwa anakimbizana na jua. Mashamba meupe yalipita pande zote mbili, anga ikaanza kuwa nyekundu. Kupita mji wa Yorkton, kulungu akatoka kwenye vichaka na kusimama katikati ya barabara. Lyle akakanyaga breki, jambo ambalo kwenye barafu hata mtoto wa miaka kumi wa huku angemkataza. Pikapu ikazunguka mzima mzima, ikarudi kinyumenyume, ikashuka mtaroni na kujipigilia kwenye ukuta wa theluji. Magurudumu ya mbele yakabaki yameinuka, taa zinamulika angani. Kulungu akaenda zake.

"Umeumia?" Lyle aliuliza.

"Toa koleo," Lesia akasema.

Lyle alishuka, akazama kwenye theluji hadi magotini, akapepesuka kwenda nyuma. Akakaa kule. Lesia akashuka kumfuata, na alipofika akaelewa kabla hajaambiwa. Mlango wa nyuma hauonekani. Umezikwa kwenye theluji ngumu iliyosukumwa na magreda ya kusafisha barabara, na mlango ule ili ufunguke lazima ushuke, na drowa ili zitoke lazima mlango ushuke, na kifuniko nacho kimekazwa kwa komeo lililo huko huko nyuma. Koleo liko kwenye drowa. Kamba iko kwenye drowa. Blanketi ziko kwenye drowa. Na ngano ya asali ya mama yake iko kwenye drowa, imekaa vizuri kabisa, haitikisiki.

"Tukichimba kwa mikono..." Lyle alianza.

"Chimba."

"Lesia, nani angejua kwamba gari litaingia kwa nyuma?"

"Kila mtu! Kila mtu, Lyle! Bibi yangu alikuwa hajui kusoma, angejua! Umejenga sanduku lenye mlango mmoja, ukaweka ndani vitu vya kukuokoa, halafu ukauegemeza mlango ukutani! Miezi mitatu gerejini! Kumbe nimeolewa na seremala wa majeneza!"

"Unanitukana."

"Bado sijaanza."

Kweli hakuwa ameanza. Alipiga teke taa ya nyuma, sehemu yake iliyokuwa nje ya theluji, ikapasuka. Moyo ukamtulia kidogo, akataka kuipiga na ya pili, lakini ya pili ilikuwa imefukiwa. Hasira hasara, wanasema. Waache waseme. Hawakuwa wamesimama kwenye baridi ile wakitazama rangi nyekundu ikiondoka angani.

Hapo gari likasimama barabarani juu yao. Lilikuwa gari kubwa la zamani la familia, kutu imelila kwenye milango, na ndani limejaa pomoni: viti vya nyuma vimelazwa, vizimba viwili vya mbwa, magunia ya chakula chao, mifuko ya magongo ya hoki ya wajukuu, matairi, turubai, galoni ya mafuta. Mwanamke mwenye kofia ya manyoya akashusha kioo.

"Wazima huko chini? Mimi Arlene. Injini inawaka?"

"Inawaka," Lyle akajibu. "Na tangi limejaa."

"Basi fukua bomba la moshi tu, huwezi kuganda, kaka." Akaongea na simu, akacheka na mtu, akarudi dirishani. "Jirani yangu Kowalchuk anakuja na trekta. Anamalizia kulisha ng'ombe, hatakawia sana. Nyie mlikuwa mnaenda wapi na Krismasi hii?"

"Kwa mama yangu, nje kidogo ya Canora," Lesia akasema, na sauti ikamkatika. "Ananingoja kabla ya nyota."

Arlene akatazama anga, akatazama Lesia. Akakitupa nyuma kiboksi cha spana kilichokuwa kwenye kiti cha mbele. "Napita huko huko. Nafasi ya mmoja. Panda, dada."

Lesia akaanza kupanda ukingo wa mtaro. Nyuma yake akasikia mabuti yakikanyaga theluji haraka, na Lyle akampita, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari la Arlene, akafungua buti. Gunia moja likaanguka. Mbwa wakabweka.

"Tunaweza kuenea wote," Lyle akasema, macho yamechangamka. "Tazama, hapa pana hewa nyingi mno inapotea. Hivi vizimba ukivigeuza vikae kwa upana, magunia yakaja chini, matairi juu yake, mimi nakaa pale kwenye kona. Naomba tu kidogo. Hii mifuko nani aliipakia hivi?"

"Mimi," Arlene akasema. "Na usimguse huyo wa kushoto, anauma."

"Lyle," Lesia akasema.

"Kidogo tu, mpenzi. Tukitoa kila kitu kwanza..."

Kuna hasira za kupayuka na kuna hasira nyingine ambazo mtu hukosa hata sauti. Lesia alimtazama mumewe akiteremsha matairi ya mtu baki na kuyapanga barabarani kwa ukubwa, kwenye giza linaloingia, kwa mikono ileile iliyolilaza shada la maua la baba yake juu ya makoti. Alikuwa anafurahi! Hilo ndilo lililomchoma. Baba amezikwa, Mama anangoja, nyota inatoka, na bwana huyu amepata buti la kupanga na moyo wake umejaa furaha.

Akalichukua gunia akalirusha ndani. Akarusha tairi, likafuata la pili. Akaufunga mlango wa buti kwa kishindo, Lyle akauchomoa mkono wake kabla haujabanwa.

"Rudi kwenye gari lako," alimwambia. "Washa hita. Msubiri Kowalchuk."

"Na ngano je? Utaenda mikono mitupu?"

"Nitaenda."

"Lesia, subiri basi..."

"Sisubiri!" Sasa sauti ilikuwa imerudi, na mbwa wote wawili wakanyamaza. "Nimesubiri mpaka nimemkosa baba yangu! Sisubiri tena, Lyle, hata ukae hapo unapanga mpaka theluji iyeyuke!"

Akapanda. Arlene akaondoa gari, akiwaambia mbwa watulie. Karibu na njia ya shamba ndipo aliposema, "Mume wangu naye alikuwa wa kukunja ramani. Lazima ikunjwe kama ilivyotoka dukani." Akasimamisha gari. "Nenda, dada. Salamu kwa mama."

"Ingia ule nasi."

"Hawa mbwa hawajui Krismasi ya nani. Wanajua saa ya kula tu."

Nyota zilikuwa zimejaa anga. Lesia alipita uani. Mkono mtupu haulambwi, na yeye alikuwa anaingia na mikono miwili mitupu. Mlango ukafunguliwa kabla hajabisha. Mama yake alikuwa amepungua, kitambaa kichwani, aproni safi. Nyuma yake meza ilikuwa imetandikwa, mshumaa katikati, kaka yake Myron na mkewe wamekaa mbele ya sahani safi. Hakuna aliyekuwa amekula. Walikuwa wamemngoja.

"Lyle yuko wapi?" Mama akauliza.

"Mtaroni. Mzima, ana hita, trekta ya Kowalchuk inakwenda. Na ngano yako iko naye, imefungiwa." Halafu yaliyokwama kooni miaka mitatu yakatoka yote kwa mkupuo. "Na siku ya Baba haikuwa barafu, Mama. Nilidanganya. Alishusha mizigo yote akaipanga upya. Ni yeye, si mimi! Nimenyamaza miaka yote nikabeba lawama yake, na wewe ukanifungia mlango!"

"Najua ni yeye."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile. Mmefika mumeo kachana nywele na maua hayajakunjika hata jani. Watu waliokimbia kwenye barafu hawafiki hivyo. Nina macho."

"Basi kwa nini mimi?" Lesia alikuwa anapiga kelele, mbele ya sanamu takatifu, usiku huo wa amani. "Kwa nini uninunie mimi?"

"Lyle ni nani kwa baba yako? Mkwe. Mkwe achelewe, hata asije." Mama naye akapandisha sauti. "Wewe ulikuwa na gari lako. Una miguu, una leseni, una ufunguo. Baba yako anashushwa, mimi natazama barabara, nasema anakuja, mwanangu anakuja, na wewe umekaa kwako unamngoja mwanamume amalize kufunga kamba!"

Gari lake dogo lilikuwapo asubuhi ile, limechomekwa waya wa umeme usiku kucha ili injini isigande. Lilikuwapo na leo. Hakuliwaza kabisa. Alisimama dirishani amevaa koti, akamkasirikia Lyle, na kumkasirikia Lyle kulimtosha.

"Hata leo nilimngoja," akasema polepole.

"Nimeona saa. Kaa."

Lesia akakaa. Mama alikwenda pembeni, kwenye mganda wa ngano uliosimamishwa kwa ajili ya wafu wa nyumba ile, akavunja masuke mawili, akayapukuchua kiganjani na kupuliza makapi. Akampa kila mmoja punje chache, mbichi, bila asali. "Ndiyo iliyopo," akasema. Wakatafuna. Zilikuwa ngumu, taya likamuuma Lesia, akaendelea kutafuna huku machozi yakimtiririka hadi shingoni.

Myron akasukuma kiti. "Kowalchuk ni mzee. Ngoja nikamsaidie kumvuta shemeji."

"Kaa chini," Mama akasema. "Usiku huu haondoki mtu mezani mpaka chakula kiishe, ila mimi. Umesahau?"

Simu ikaanza kulia kwenye koti la Lesia, lililotundikwa mlangoni. Ikalia, ikakatika, ikalia tena. Wote walijua ni nani. Mama alikuwa ameshika upawa wa supu. Alimtazama binti yake akangoja kuona atafanya nini.

Lesia akasogeza sahani yake mbele.

"Mimina, Mama," akasema. "Haondoki mtu mezani."