Shingo ya Mama Nderitu

Katika shamba lote la pareto, kutoka juu msituni mpaka chini kwenye barabara ya Molo, hapakuwa na mtu aliyeteguka akapona bila kupita mikononi mwa Jerop, Mama Kosgei. Wanaume waliojifanya simba mbele ya nyapara walilia kwake kama watoto, naye aliwaambia walie vizuri, kwani machozi ni bure. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye viganja vipana, na neno moja tu lilimshinda kulitamka: "sijui". Hata ukimuuliza mvua itanyesha lini, alikupa siku.

Rafiki yake Wangare aliishi nyumba ya tatu kutoka kwake, kwenye laini ile ile ya nyumba za wafanyakazi. Jerop alikuwa Mkipsigis na Wangare Mkikuyu, basi walizungumza Kiswahili cha shambani ambacho hakuna mwalimu angekipa maksi. Walikuwa wamechuma pareto mstari mmoja kwa miaka mingi. Wangare alikuwa mjane. Mumewe, Hiram, alifariki mwaka wa hamsini na sita, na mwanawe Nderitu alifanya kazi Nairobi, akija Krismasi akikumbuka.

Shingo ya Wangare ilianza kuuma wakati wa mvua ya mwaka wa hamsini na tisa.

"Ni mukwa tu," alisema, akimaanisha ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wa kwao huupitisha kichwani kubebea kuni mgongoni.

Jerop alikubali upesi. Nani asingekubali? Mtu amebeba kuni kwa kichwa miaka hamsini, shingo isiume, iume nini? Kila Jumapili baada ya kanisa alimpaka samli na kumkanda taratibu, wakisengenya nusu ya laini. Wiki ya sita, alipoona hakuna nafuu, aliamua kuivuta. Gachanja, yule aliyeanguka kutoka kwenye lori, alivutwa hivyo hivyo na sasa anageuza shingo kutazama kila msichana anayepita. Jerop alishika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, akavuta.

Wangare alivuta pumzi ghafla, akashikilia ukingo wa kitanda.

"Imeuma?"

"Hapana, Mama Kosgei. Ni baridi tu."

Ilikuwa Julai, na baridi ya huko juu haina mchezo, kwa hiyo Jerop aliamini. Pengine alitaka kuamini.

Wiki hiyo Wangare, ambaye kikapu chake kilizoea kujaa kabla ya vya wengine, alianza kuangusha maua. Alichuma, akafumba mkono, na alipoufumbua juu ya kikapu mlikuwa na nusu tu. Sweta yake ilikaa wazi, vifungo vimeachwa.

"Mama Nderitu, unatafuta bwana?" Jerop alimtania.

Wangare alicheka, lakini vifungo hakuvifunga. Sweta yenyewe ilikuwa imegeuka kubwa, inamning'inia mabegani. Jerop aliyaona hayo yote, na kila moja akalipatia jina: uzee, baridi, upweke. Fundi akishasifiwa sana huanza kuona bila kutazama, na Jerop alikuwa amesifiwa miaka thelathini.

Jumapili iliyofuata Wangare alikuja kupitia matope, akishika ukuta wa kila nyumba. Aliketi kwenye kigoda na kumpa mgongo Jerop.

"Leo vuta sana. Usinihurumie. Nyapara Kiplangat anasema asiyeweza kuchuma atafute pa kwenda, na mimi sina pa kwenda."

Jerop alichota samli. Alipoinama kuweka kibuyu chini ndipo alipoiona miguu ya mwenzake. Wa kulia ulikuwa na akala, kile kiatu cha mpira wa gari. Wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa matope mpaka kifundoni, na damu ilikuwa inatoka katikati ya vidole.

"Mama Nderitu, kiatu kingine kiko wapi?"

"Si kiko mguuni."

"Mguu gani?"

Wangare aliinama na mwili mzima, kama gogo, kwa kuwa shingo ilikataa. Alitazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ajabu. Nilikivaa."

Jerop alipiga magoti, akamfinya kidole cha mguu kwa ukucha wake wote.

"Unasikia?"

"Nisikie nini?"

Jerop aliuachia mguu. Alimuuliza kama usingizi unakuja. Wangare alisema shingo inauma zaidi usiku. Akilala, akikaa, ni mamoja. Na jasho? Blanketi linalowa tangu wakati wa mvua. Na mikono je? Wangare aliitazama mikono yake juu ya magoti, akasema siku hizi ni kama ameiazima kwa mtu.

Maumivu ya kazi Jerop aliyajua vizuri: ukipumzika, nayo yanapumzika. Haya hayakupumzika. Alijipangusa samli kwenye aproni mpaka viganja vikakauka kabisa, na tuseme ukweli, aliogopa.

"Mimi sijui hii ni nini," alisema.

"Wewe hujui? Wewe?"

"Sijui. Lakini si ya kuvutwa. Hii shingo hakuna mtu atashika tena mpaka daktari aione."

"Hiram alienda hospitali kwa miguu yake, akarudi kwa sanduku!"

"Alienda amechelewa. Na wewe unataka kuchelewa?"

Wangare alianza kulia. Watu walijaa mlangoni, maana kwenye laini hakuna siri, na minong'ono ikaanza kwamba mikono ya Jerop imepoa. Gachanja alishauri mama wa watu apelekwe kwa mvuta viungo mwingine kule Turi. Jerop alimwambia Gachanja aende na hiyo shingo yake aliyopewa bure. Maneno yalimuuma, lakini asiyekubali kushindwa si mshindani.

Alikwenda moja kwa moja kwa nyapara Kiplangat kuomba lori linalopeleka pareto Nakuru. Kiplangat alisema labda kesho kutwa.

"Bega lako lilipochomoka," Jerop alimwuliza, "nilikwambia kesho kutwa?"

Lori lilipatikana asubuhi yake. Jerop aling'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe, wakamlaza Wangare juu yake, akamwekea kifuko cha maharagwe kila upande wa kichwa na kumfunga paji kwa leso. Njia nzima alipiga magoti pale nyuma, ameshika kile kichwa kwa mikono miwili ili kisicheze. Dereva alikuwa ameonywa: akiingia shimo, siku atakayoteguka asimjie.

Nakuru walipiga picha ya mifupa. Dresa aliyeitwa Micah, mfunga vidonda wa hospitali, alitafsiri maneno ya daktari: kifua kikuu kilikuwa kimekula mifupa miwili ya shingo. Jerop alishangaa, kwa maana Wangare hakuwa hata na kikohozi. Daktari alisema ugonjwa huo hushika mifupa pia, na mifupa iliyobaki ilikuwa inabana mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo. Ingevutwa, mikono na miguu ingepooza, pengine na pumzi ikakatika.

"Anauliza kama kuna mtu ameivuta," Micah alisema.

Jerop angeweza kunyamaza. Wangare alikuwa chumba kingine, na hapakuwa na shahidi.

"Mimi. Mara moja. Wiki iliyopita."

Daktari alimtazama, akaandika, kisha akauliza tena.

"Na aliyemfunga hivi akamleta?"

"Ni mimi pia," alisema Jerop, akatazama sakafu.

Alirudi kumwona mwezi wa Novemba. Wangare alikuwa ndani ya plasta kutoka kifuani mpaka kidevuni, akidungwa sindano kila siku, na alikuwa amenenepa kidogo. Wiki ile alikuwa ametembea mpaka dirishani akishikiliwa. Jerop alimpa habari za laini zote, nzuri na mbaya, mpaka zikamwishia. Ndipo akasema alilokuja kusema.

"Mama Nderitu, nisamehe. Siku ile nilipovuta."

"Siku ile," Wangare alisema, "nilisikia moto ukishuka mpaka vidole vya miguu."

"Ulisema ni baridi!" Jerop alipandwa na hasira, akasahau kuwa yuko wodini. "Mimi nakuuliza, wewe unanidanganya! Ningejua siku hiyo hiyo! Ulitaka kufa?"

"Ningesema, ungeacha kunikanda."

"Ndiyo, ningeacha!"

"Tangu Hiram aende hakuna mtu ananishika," Wangare alisema. "Kanisani wananisalimia, basi. Mimi nilikuwa nangoja Jumapili."

Jerop alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliuchukua mkono wa rafiki yake na kuubana.

"Huo bado hausikii vizuri," Wangare alisema. "Weka hapa."

Alimwonyesha shavu, juu kidogo ya plasta. Jerop aliweka kiganja chake kizima hapo, na Wangare akafumba macho. Micah alipita akasema muda wa wageni umekwisha. Jerop alimwambia amesikia, na hakuondoa mkono.