Mota Mpya ya Fundi Viatu

Gurudumu lilizunguka kinyumenyume.

Fundi viatu alikuwa ameiinua baiskeli yake ya umeme kwenye stendi pale karakana. Alipovuta mafuta kidogo (ndivyo wanavyosema, ingawa tone la mafuta halijawahi kuingia mle), gurudumu la nyuma likaanza kurudi lilikotoka. Wanaume waliokuwa wakisubiri zamu zao walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Umeunganisha vipi?" fundi baiskeli akamuuliza.

"Njano kwa njano, kijani kwa kijani, buluu kwa buluu. Kwani kuna namna nyingine?"

"Bwana wee! Mota ya kiwanda hiki, kontrola ya kiwanda kile, rangi hazijuani hizo! Badilisha waya mbili nene, na zile nyembamba tutazijaribu mpaka zikubali."

Siku nyingine fundi viatu angecheka na yeye. Lakini wiki nzima mkewe hakuwa amepanda baiskeli hiyo, na roho ilikuwa inamuuma.

Mkewe anafua mashuka ya hospitali, na hospitali iko juu ya mlima. Ni mwanamke wa mwili, na goti la kushoto linamsumbua tangu mwaka jana. Kila asubuhi mumewe alimpakia nyuma, na kila asubuhi, katikati ya mlima, mota ilizidiwa ikanyamaza. Mama wa watu akashuka, akapanda kwa miguu, mkono gotini, akiwatania wapita njia: "Leo mume wangu kaniamulia mazoezi!" Watu wakacheka. Fundi viatu akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo akaenda karakana kuomba mota yenye nguvu. Sasa huyu bwana, jamani, ni katika wale wanaume wasioweza kutamka "mke wangu" mbele ya wanaume wenzao bila masikio kuwaka moto. Alipoulizwa nguvu zote hizo za nini, akajibu, "Nina mzigo mzito. Mlima unanishinda."

"Mzigo gani?"

"Wa kila siku tu, kaka. Unaniulia mota."

Alipogeuka, mkewe alikuwa mlangoni, amemletea ufunguo wa nyumba aliousahau. Akauweka juu ya benchi, akaondoka.

Tangu siku hiyo anatembea. Nyumbani anapika, anaitikia salamu, lakini asubuhi anatoka kabla ya mumewe. Jioni moja mumewe alimkuta akilikanda goti lake peke yake, limevimba.

"Nikukande?"

"Mzigo haukandwi," mkewe akasema.

Basi kazi ikaendelea. Kontrola ndogo ya zamani ikatolewa, ikawekwa pana, yenye mapezi ya kupooza joto, na waya zikajaribiwa upya mpaka gurudumu likazunguka mbele. Kontrola ndiyo inayoipimia mota umeme, fundi alimweleza. Mota kubwa ukiipimia kwa kijiko cha chai, itabaki na njaa yake. Waya za betri wakaweka nene zaidi zisije zikaungua. Kwenye ekseli, ule mhimili wa gurudumu, wakafunga chuma cha kuishikilia, maana mota ya nguvu inaweza kujisokota ikakata waya zake yenyewe. Nati ya chuma hicho fundi viatu aliikaza, akaikaza tena, akarudi kuikaza.

"Basi, utaikata!" fundi akamkemea. Halafu akacheka. "Huo mzigo wako sasa utapanda hata mnara."

"Si mzigo," fundi viatu alisema, lakini kwa sauti ya chini mno, na fundi alikwisha kuinamia baiskeli nyingine.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mkewe ameshaanza mlima.

"Mama, panda."

"Nenda zako kazini, bwana."

Na mota mpya haikujua kwenda polepole. Akiigusa tu, baiskeli inaruka. Akampita, akageuza, akateremka, akampita tena. Muuza magazeti akasahau kuuza. Wauguzi waliokuwa wakienda zamu wakasimama kutazama.

"Unanizunguka kama inzi," mkewe akasema.

Mumewe akazima mota, akashuka, akaanza kuisukuma baiskeli sambamba naye. Mota ile nzito! Punde akawa anahema kuliko mkewe.

"Niliona haya," akasema. "Pale wamejaa wanaume. Nikashindwa kusema ni mke wangu."

"Haya ya nini? Ya mwili wangu?"

"Ya watu kujua ninavyokupenda. Nimekosa. Hilo goti linaniuma mimi."

Mkewe akasimama, akawaonyesha wauguzi kwa kidevu. "Waambie hao."

Masikio yakawaka. "Huyu ni mke wangu!" akapaza sauti, ikamkwama, akaanza upya. "Huyu ni mke wangu, nampenda! Nimemfungia mota! Nami nikamwita mzigo, mjinga mimi!"

"Hongera, baba!" muuza magazeti akaitikia.

Mkewe alicheka kabla hajataka kucheka. Akapanda.

Baiskeli ikaukwea mlima bila kusita. Walipopita mahali alipozoea kushuka, mkewe akalikamata shati lake kwa mikono miwili, hakuliachia mpaka getini.

Hapo fundi viatu akafunga breki. Mkewe hakuingia ndani.

"Shuka," akasema.

"Kuna nini tena?"

"Shuka bwana, nishikie mkoba."

Akakusanya sketi yake, akakaa mbele, akauliza mafuta ni wapi na breki ni wapi.

"Taratibu mama, hiyo inaruka..."

Ilikwisha kuruka. Ikaenda naye kandokando ya ukuta wa hospitali, mwanamke akipiga yowe, akakata kona, akapotea. Fundi viatu akabaki getini, mkoba wa mkewe begani, ametega sikio. Mota mpya haina kelele. Alichosikia ni kicheko tu, nacho kilikuwa kinazidi kwenda mbali.