Mwonyeshe Upande wa Kulia

...upande wa kulia, eti mwonyeshe upande wa kulia tu, Sasi, usilikaribie sana, na uso wako usionekane, ukiulizwa wewe ni dereva wangu, ndivyo Renjith alivyomwamuru kabla hajaipeleka simu sebuleni kwa wakwe zake watarajiwa, na sasa Sasidharan amesimama kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya jengo, Kusais, huku Dubai, saa nne ya asubuhi ya Ijumaa, ndoo iko miguuni, simu iko mkononi imelielekea gari jeupe la Kijerumani la milango miwili, anangoja, kwa sababu huko kwao ng'ambo ya bahari, Nemmara, baba wa binti anayeposwa bado yuko chumbani anavaa shati, subiri kidogo, usikate, na yeye hakati, mkono umeanza kumuuma na hakati... dereva, dereva wa nani, yeye ambaye gari hili hajalisogeza hata hatua tatu, kazi yake ni maji na kitambaa, magari thelathini na mawili kila siku kabla jua halijawa kali, na katika hayo yote ni hili moja tu lisilomlipa, tangu Februari halimlipi, na bado amelifuta kila asubuhi, mpumbavu yeye, kwa sabuni yake, kwa maji aliyoyabeba mwenyewe kutoka bomba la mlinzi, na kwa nini, kwa sababu Renjith alitoka na begi moja dogo akasema naenda kumwona mama, wiki mbili tu, nitunzie, na mtu wa kwenu akikuambia nitunzie unatunza, humuulizi mbona televisheni umempa jirani, mbona mazulia umeyauza, unasema sawa kaka, safari njema kaka, na unaposhikwa bega unaona fahari kama mtoto... na kisha kuna ile nyingine, nayo ni kweli na inamuudhi zaidi, kwamba gari chafu katika safu yake ni aibu yake, wenzake wakipita waseme tazama Sasi siku hizi amechoka, hapana, afadhali alifute bure.

Na huku vumbi linasema, kila mtu analisoma, gari likikaa wiki mbili bila kufutwa basi mwenyewe amekimbia madeni, ameliacha hapo au uwanja wa ndege na ufunguo ndani yake, watu wa manispaa wanapita wanabandika karatasi kwenye kioo, siku kumi na tano, kisha linakuja lori la kulibeba, Sasidharan ameona yakibebwa mangapi, mengine na kiti cha mtoto bado kimefungwa nyuma, lakini gari linalong'aa hakuna anayeligusa, gari linalong'aa lina mwenyewe, kwa hiyo miezi minne yote alikuwa anamfichia mtu, kwa mikono yake hii iliyobabuka kwa sabuni alikuwa anasema kila asubuhi mwenye gari yupo, amelala, atashuka sasa hivi, wakati mwenye gari yuko kwao anakula samaki, Gul Zaman mlinzi alimwambia mapema, tangu siku wale watu wawili wa benki walipokuja na jalada wakauliza nyumba namba mia tatu na sita, alimwambia kwa kicheko chake kile kibaya, "Unaosha maiti, Sasi, na wenye maiti wamehama," naye akakasirika, akamtetea, akasema Renjith si mtu wa namna hiyo, anatoka wilaya yetu, amesoma, na usiku huo hakulala vizuri kwa sababu alijua... halafu homa ikampiga siku tatu, siku tatu tu, na dhoruba ya mchanga ikaja katikati yake, aliporudi kazini karatasi ilikuwa imeshabandikwa, upande wa kushoto wa kioo cha mbele, na leo ni siku ya kumi na mbili, na tairi la mbele la kushoto limekaa chini kabisa, basi ndiyo maana ya upande wa kulia.

Kwenye simu kuna vijiko vinagonga vikombe, kuna mwanamke anacheka, Sasidharan haoni mtu, anaona dari na feni, simu imeegemezwa kitu fulani mezani, mjomba wake Renjith anaeleza kwamba viti ni vya ngozi, vyekundu, ngozi kweli si hii ya plastiki, na mtu anauliza linakunywa mafuta kiasi gani na Renjith anacheka kwa upole, anasema kule mafuta si kitu cha kufikiria, anasema amechukua likizo ndefu kwa ajili ya harusi na kampuni inamsumbua arudi... kampuni ipi, kampuni ilimwachisha kazi Novemba, na akikanyaga tu uwanja wa ndege wa hapa anashikwa, hundi alizosaini bila pesa benki zimelala polisi zinamngoja, haya yote amemwambia Sasidharan mwenyewe jana, bila haya, kwa sauti ya mtu anayesimulia mvua imemnyeshea, na akamalizia, "Baada ya harusi mambo yatanyooka, Sasi, dhahabu peke yake inatosha kuwalipa benki, nitarudi, na wewe nitakulipa mpaka senti ya mwisho," na Sasidharan akasema sawa kaka, akasema sawa, hakuuliza dhahabu ya nani, ulimi wake ulikuwa wapi, dhahabu ambayo kwao baba humvika bintiye anapoolewa, dhahabu ya msichana ambaye hajui hata jina la benki, yupo huyo, vikombe vinalia kwenye sinia yake, mwanamke anamwambia Nimisha mwanangu weka hapa, usione haya, anafanya kazi duka la dawa huyu, anasema mwanamke, lakini akishaolewa ataacha, ataenda Dubai kupanda gari, na wote wanacheka, yeye hacheki au kama amecheka haikusikika, na mjomba anageuza maneno, anasema mnunuzi wa shamba la miti ya mpira yuko tayari, Jumatatu hati inasainiwa, Mwalimu Divakaran si mtu wa kurudi nyuma...

Divakaran, mwalimu, Nemmara, ni walimu wangapi wa jina hilo Nemmara, ni mmoja, tangu jana alikuwa anaambiwa baba wa binti, baba wa binti, hakuna aliyemtajia jina, na sasa jina limekuja na simu imeshuka ikaonyesha mchanga na Renjith akanong'ona kutoka huko, shika vizuri bwana... Mwalimu Divakaran ambaye alikuja kwao mara tatu kwa baiskeli, katika mvua ile ya Juni, suruali imekunjwa mpaka magotini, kumwomba baba amwache Sasidharan amalize darasa la kumi, mara ya tatu akakaa barazani mpaka giza likaingia na baba hakutoka ndani, na shamba lile analijua, si shamba hasa, ni kipande cha mteremko nyuma ya shule, miti mia na kitu, Mwalimu alikuwa akienda mwenyewe alfajiri na taa kichwani kugema utomvu kabla ya kengele, alifika darasani ananuka mpira, watoto walimcheka, yeye Sasidharan alimcheka, na sasa mzee amestaafu na mteremko ule ndio alio nao, ndio unaouzwa Jumatatu, kwa ajili ya chuma hiki chenye tairi bovu, kwa ajili ya mwizi anayekunywa chai yake, maana ni mwizi, asiitwe kitu kingine, mtu aliyekopa akashindwa si mwizi, Sasidharan anawajua walioshindwa, amewaona wakilia kwenye ngazi, kazi imeisha ghafla, kodi, ada, kadi za benki walizoletewa mpaka mlangoni na vijana wenye tai, wale anawasikitikia kwa moyo wake wote, lakini anayetoka na deni lake akaenda kumtwisha msichana wa duka la dawa, na kumtafuta wa kumshikia simu, na wa kumshikia simu ni mimi...

Sema basi, sema sasa hivi, mbona mdomo umefungwa, anajiuliza na anajijibu palepale na jibu linamchoma, kwa sababu Mwalimu ataijua sauti, atauliza mtoto wa nani wewe, na kabla ya jioni Nemmara yote itajua kwamba Sasidharan wa Kunjan anaosha magari, miaka kumi na moja anaosha magari, wakati Omana mke wake anasema hekaluni mume wangu ni msimamizi katika kampuni ya magari, na fomu ya shule ya mtoto imeandikwa hivyo, na kwenye friji huko nyumbani kuna picha, Mungu wangu, kuna ile picha, yeye na miwani ya jua ya kuazima ameegemea gari, shati jeupe, mkono juu ya boneti, gari la kampuni alimwandikia, na ni hili, ni hilihili, jeupe la milango miwili, aliegemea hapahapa Ijumaa moja kama hii huku Renjith amelala juu ghorofani, basi gari hili limewadanganya watu wa nyumba mbili, na hasira yote aliyokuwa nayo, iliyokuwa inapanda vizuri ikielekea kwa Renjith, imegeuka njiani, inamjia yeye, anataka kuizuia haizuiliki... alipooa alikuwa ameshaosha magari miaka miwili, wajomba zake walienda kwa kina Omana wakakaa sebuleni kama hao wanavyokaa sasa, wakanywa chai, wakasema msimamizi, alikuwepo, alikuwa ameangalia vidole vya miguu yake, na dhahabu ilikuja, bangili na mikufu, na baba yake Omana, mtu mfupi mkimya wa mashine ya mpunga, aliuza nini yule mzee, aliuza nini, miaka tisa na hakuwahi kuuliza, alikula kwenye nyumba ile kila likizo na hakuuliza, aliona zizi halina kitu na hakuuliza, alidhani umaskini wa kina Omana ulikuwa hivyo tangu zamani.

Jua limeingia nyuma ya shingo, mchanga unatoa joto chini ya kandambili, na kwenye simu viti vinasogezwa, mtu anakohoa, ni yeye, kikohozi kilekile cha chaki, Renjith ananyenyekea anasema njoo baba, kaa hapa baba, ndilo hili, na Mwalimu anauliza ndilo hili, anasema zuri, na Sasidharan anashusha pumzi, yamekwisha, ameliona, sasa watakata, atarudi kwenye ndoo, bado magari tisa...

"Mimi magari siyajui," anasema Mwalimu. "Mwanangu, wewe uliyeshika simu, hebu nigeuzie nikuone."

Renjith anaingia kati haraka, anacheka, anasema ni dereva tu huyo baba, yuko kazini, jua kali, tusimchoshe, na mjomba naye anadakia, lakini Mwalimu anasema kwa upole wake uleule kwamba kijana angekuwa wa hapa ningetuma mtu akaulize kwa majirani, ndivyo tunavyofanya sote, kwa muuza chai, kwa fundi cherehani, sasa huyu majirani zake wako huko, "na humu ndani wote mnamsifu, mmeshakunywa chai yangu, acheni nimuulize ambaye hajainywa," na mtu anacheka peke yake kisha anaacha, na Renjith ameichukua simu, uso wake umejaa kioo, anatabasamu kwa ajili ya wale walio nyuma yake na macho yanasema kitu kingine, "Mtandao mbaya, Sasi, nadhani utakatika," anasema, "utakatika sasa hivi," na kidole cha Sasidharan kipo pale, alama nyekundu ya kukata iko chini ya kidole, rahisi kabisa, kila siku simu zinakatika kati ya hapa na Nemmara, hakuna atakayemlaumu, Omana ataendelea kwenda hekaluni, picha itakaa kwenye friji, na Nimisha ataletwa harusini na dhahabu ya mteremko wa shule, na mwaka ujao Mwalimu atauliza binti yangu anaenda lini Dubai na ataambiwa bado kidogo, na atanyamaza, watu kama hao hunyamaza, baba yake Omana alinyamaza, alinyamaza miaka tisa akimpakulia mkwe wake samaki mkubwa... hapana, hapana bwana, mara hii hapana, na kidole kinasogea pembeni kwenye alama ndogo ya kugeuza, kinabonyeza, gari linaondoka kwenye kona ya kioo na anakuja mtu mwenye kofia ya buluu na ovaroli yenye mstari wa njano, ndevu za siku mbili, vumbi kwenye nyusi, anajitazama na anaona kwamba hivyo ndivyo alivyo, na huko mtu anampokonya mtu simu, kunakuwa na giza la kiganja, halafu miwani minene, nywele nyeupe, uso umekaribia mno.

"Ni mimi, Mwalimu, Sasidharan wa Kunjan," anasema. "Mimi si dereva. Naosha magari, sina kazi nyingine huku. Ile hati ya shamba usiisaini Jumatatu."

Mjomba anaanza kusema kitu na mwanamke anamzuia, na nyuma ya bega la baba yake amesimama msichana na sinia tupu, hajaondoka, anatazama moja kwa moja kwenye simu.

"Endelea, Sasidharan," anasema Mwalimu, na yeye, ameshika simu kwa mikono miwili mbele ya gari lilelile, anaendelea.