Kopo Lililotangulia Tume

Kila Jumapili baada ya misa, Constantin, karani wa reli, alitoa kiti barazani kwake, mtaa wa Kamalondo, akavaa miwani ambayo macho yake hayakuihitaji, akawasomea majirani gazeti. Alisoma kwanza kwa Kifaransa ili wamheshimu, kisha akaeleza kwa Kiswahili ili wasiondoke.

Mwaka ule wa 1951 alikuwa anatafuta karti ya wastaarabu, cheti cha serikali ya kikoloni kwa Mwafrika aliyeishi kizungu. Tume ya wazungu ingekuja nyumbani kuangalia. Mnakula kwa uma? Choo ni safi? Bibi anaketi mezani na bwana? Nyumba inayosubiri tume, hata kuku wanafundishwa kutembea kwa adabu.

Jumapili hiyo gazeti lilileta habari za daktari mmoja wa mjini aliyewapa watoto maziwa ya kopo, wakanenepa. Juu, kwa herufi kubwa: USHINDI WA SAYANSI. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, liliongeza kwamba hao walikuwa yatima waliolelewa na masista, kwamba maji yalichemshwa kila mara, na kwamba ni mapema mno kusema zaidi. Constantin hakufika huko chini. Watu walikuwa wanamsubiri.

"Sayansi imesema," akatangaza, "maziba ya kopo inapita ya mama!"

"Inapita namna gani?" akauliza Mama Chola, jirani wa mlango wa pili, mtoto mgongoni. "Ya mama iko moto kila saa, na haiombi jiko wala makala."

Baraza zima likacheka. Constantin hakupenda kuchekwa akiwa na miwani.

"Ya mama iko ya bashenzi," akasema. "Munganga ameandika."

Daktari hakuandika hivyo, wala gazeti. Lakini baraza lilinyamaza, naye akaonja utamu wa kunyamazisha watu.

Mkewe, Agnès, alisikia yote akiwa ndani, anamnyonyesha Adalbert, mtoto wao wa kwanza.

"Mama Adalbert," bwana akaanza mezani, "tume ikikuta mutoto ananyonya, batasema nini?"

"Batasema ananyonya."

"Usinichezee. Iko mambo ya karti."

"Huyu mutoto anagonjwa? Angalia mashavu! Gazeti ilimuona wapi?"

"Wewe unayua kupita munganga?"

Agnès akajifunga kitambaa kifuani, akaumwa, akalia kidogo, mpaka maziwa yakakauka.

Kopo likawekwa katikati ya meza, picha yake ikitazama mlango, ili tume ilione kabla ya kuvua kofia. Maji yalitoka kwenye bomba la mtaa. Kuyachemsha? Hayo nayo yalikuwa kule chini kwa sisimizi. Na kopo lilipopungua, Agnès aliongeza maji, kopo lisije likaisha tume ikakuta meza tupu.

Tume ikaja. Ikafungua choo, ikashika uma, ikamuuliza Agnès kama anajua kushona. Kopo haikulitupia jicho.

Wakati huo Adalbert alikuwa amekwisha kuanza kuharisha.

Hospitalini Constantin alimkuta daktari yule yule wa gazetini. Alimsalimu kwa Kifaransa chake kizuri kabisa.

"Nani aliwaambia muache kunyonyesha?" daktari akauliza, vidole vyake juu ya utosi wa mtoto uliobonyea.

"Ni wewe, Daktari. Gazetini."

"Mimi?" Daktari akainua kichwa. "Niliandika juu ya watoto wasio na mama. Huyu mama yake si huyu hapa?"

Agnès hakujua Kifaransa, lakini alijua anayesemwa ni yeye. Akafungua blauzi mbele ya watu wote, akamwekea mtoto ziwa mdomoni. Adalbert akavuta. Akavuta tena. Akaachia, akamtazama mama yake kama mtu aliyekosea nyumba.

Walimzika kabla ya wiki kwisha.

Kwenye kilio, watu wakiwa wamejaa uani, Constantin alisimama. Safari hii hakuvaa miwani.

"Bandugu, nilisoma mubaya. Ile ya kopo ilikuwa ya bayatima. Mwenye kuwa na mama, anyonye mama."

Watu wakatazamana kwa huruma.

"Uchungu unamusemesha," mzee mmoja akanong'ona.

"Pole, Baba Adalbert," akasema Mama Chola. "Wewe karani, usome mubaya? Iko watu ba jicho baya, balimuona mutoto ananenepa."

"Nawaambia nilisoma mubaya!"

"Mupatie maji," wakasema. Wakamkalisha.

Agnès aliinuka kwenye mkeka. Akaenda mpaka mbele ya Mama Chola, akamgusa shavuni mtoto aliyekuwa mgongoni mwake. Lilikuwa na joto lisilo la jua.

"Mama Chola, nakuomba. Umunyonyeshe."

Mama Chola akavuta kitenge kifuani.

"Na nini, dada?" akasema. "Na mimi nilimupa kopo. Ilishakauka."