Tangazo la Baadhi Yenu

Meneja wa ofisi ile hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga tu, na woga wake aliuvisha suti akauita utaratibu. Mfanyakazi akikosea, hamwiti. Anakaa, anaandika tangazo, linabandikwa ubaoni karibu na mashine ya fotokopi, na matangazo yote yalianza vilevile: "Imebainika kwamba baadhi yenu..." Baadhi yenu mnachelewa. Baadhi yenu mnaacha vikombe vichafu. Wafanyakazi walishamzoea, wanasoma, wanacheka, kisha wanakisia safari hii ni zamu ya nani.

Tangazo la Jumatatu lilimlenga mpokea wageni, waliyempachika jina la Redio. Redio alipiga soga kwenye simu tangu anapotua mkoba mpaka anapouchukua tena, mgeni kasimama mbele yake kama mlingoti. Kumwonya ilikuwa kazi ya dakika mbili. Tatizo, Redio alikuwa shemeji wa meneja, mdogo wa mkewe, na neno lolote aliloambiwa ofisini lilitangulia kufika nyumbani, tena limeshatiwa chumvi. Basi meneja akaandika: baadhi yenu mnatumia simu zenu saa za kazi, kuanzia leo simu zizimwe na zikae kwenye droo mpaka saa kumi jioni.

Redio alilisoma akacheka. "Leo kuna mtu kapatikana!" alimwambia shoga yake, kwa simu.

Aliyetii ni karani wa masjala, mama mpole ambaye hata makabati ya majalada aliyafunga taratibu asije akasumbua watu. Binti yake wa miaka minane alikuwa na pumu. Kwa ajili hiyo simu yake ilikaa mezani siku zote, na meneja mwenyewe ndiye aliyemruhusu, kwa mdomo, mwaka uliotangulia. Jumatatu ile meneja alipita masjala akaona meza haina simu. Aliona vizuri kabisa. Akajisemea atamwambia baadaye, akaenda zake kikaoni.

Saa tano mtoto alibanwa kifua shuleni, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Mwalimu alimpigia mama mara kumi na moja, hapatikani. Mwishowe akakodi gari akamkimbiza mtoto hospitali mwenyewe. Karani alizipata habari saa kumi na dakika tano, alipofungua droo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya meneja yalizaliwa siku ileile, tena yakiwa na meno. Alikwenda ubaoni akalibandua tangazo, akalikunja akalitia mfukoni, utadhani karatasi ndiyo iliyokosa.

Siku ya tatu karani alirudi kazini. Mtoto alikuwa na nafuu, ila bado amelazwa. Karani akabisha hodi kwa meneja, akasimama karibu na mlango.

"Nimekuja kuomba radhi, bosi."

"Radhi ya nini tena, mama?"

"Ya ile simu. Kumbe ilikuwa inawakera watu, na mimi sijui. Ungeniita tu ukaniambia, ningeelewa."

Meneja angeweza kunyamaza. Akinyamaza, mama huyu atatoka na mzigo wote kichwani, na yeye atarudi nyumbani ale kwa amani na mkewe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Lile tangazo halikuwa lako," alisema.

"Lilikuwa la nani?"

"La shemeji yangu. Nilishindwa kumwambia usoni. Na siku ile nilipita kwako, nikaona umeificha simu, nikanyamaza."

Karani hakupandisha sauti. Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Meneja akatamani atukanwe, yaishe.

"Mwalimu anasema mtoto alikuwa ananiita njia nzima," karani alisema. "Pumzi hana, lakini anauliza mbona mama hapokei. Mpaka leo ananiuliza, na mimi sina la kumwambia."

Akainuka, akarudisha kiti pale alipokitoa.

"Saa kumi naenda kumwona. Tutakwenda wote, bosi. Utamjibu wewe."