Magari Yaliyofutwa Mara Mbili

Ofisini walimwita Injini, maana ndiye aliyeandika injini ya mchezo wao wa mbio za magari, na jina hilo lilimpandisha mabega mpaka yakakaribia masikio. Skripti, zile amri nyepesi zinazoendesha mchezo juu ya injini, aliziona upuuzi wa kupotezea muda. Tena ziliandikwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu asiyekosa la kusema.

"Shemeji, klasi yangu ya magari, ile ramani ya kuyaundia, nimeifungulia skripti zako," alimwambia. "Unda magari, yaendeshe, yagonganishe. Kwingine usiguse. Umekaribishwa sebuleni, chumbani huingii."

"Haya, mama mwenye nyumba. Na mbio zikiisha, magari yanafutwa na nani? Yakijazana kwenye kumbukumbu ya kompyuta tumekwisha. Huku kwangu nikishamaliza nayo, skripti inayafagia yenyewe, kwa wakati wake."

"Inafagia!" Injini alicheka mpaka kiti kikalalamika. "Wewe nyumbani kwangu hata kikombe unachonywea hukioshi, leo una habari za kufagia?"

Swali likaishia hapo. Shemeji mtu akarudi mezani kwake. Injini akaongeza mistari miwili kimyakimya: mbio zikiisha tu, injini ifute magari yote. Hakumwambia mtu. Amwachie shemeji ufagio? Thubutu!

Kesho yake Bosi akaingia na mnunuzi. Alimtabasamia mgeni, wao akawatolea macho. "Mchezo ukianguka leo, aliyeuangusha anahamia mapokezi kupokea simu."

Injini akamtazama shemeji yake kama fundi anayempima mtu sare.

Mbio za kwanza zikaenda vizuri. Magari yakafika, injini ikayafuta. Mnunuzi akapiga makofi, akataka tena. Katikati ya mbio za pili ufagio wa skripti ukaamka, ukaenda kufuta magari yaleyale ya mwanzo, ambayo hayakuwepo tena. Kompyuta iliyoambiwa ifute kisichokuwepo ikavurugika, skrini ikawa nyeusi tii.

"Si nilisema!" Injini akadakia. "Skripti zake hizo!"

"Shemeji," yule akauliza taratibu, "kwani na wewe uliyafuta?"

"Niliyafuta, ndiyo! Ningekuachia wewe, mvivu usiyejua hata..."

Bosi alikuwa ameshamgeukia.

Jumatatu, Injini alikuwa mapokezi, simu sikioni, midomo ameibenua, akimweleza mteja jinsi ya kuwasha kompyuta. Shemeji yake akapita, akaweka kikombe kinachong'aa mbele yake.

"Nimekiosha mwenyewe, shemeji," akasema. "Tafadhali, usikioshe tena."