Jasusi wa Jumamosi na Jasusi wa Jumapili

Modeste alikuwa fundi wa magari, na kama mafundi wengi wa magari aliamini kwamba chochote kinachotoa sauti asiyoijua kina kasoro ndani. Injini ikikohoa, anafungua. Mkewe Monique akicheka na mtu barabarani, anafungua pia. Huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, alijulikana kwa mambo mawili: gari likipita mikononi mwake halirudi garaji, na mkewe hawezi kununua chumvi bila kuulizwa amepita njia gani.

Aliyemkera kuliko wote ni Adalbert, fundi wa kushona karibu na soko. Adalbert hakuwa na kosa, ila alikuwa na sauti ya upole, na utepe wa kupimia alioutundika shingoni kutwa nzima. Utepe huo ulikizunguka kiuno cha Monique kila alipotaka blauzi mpya. Modeste hakuisahau hata blauzi moja.

Basi mwaka huo ikaletwa filamu, kwa meli, kutoka Goma. Ilikuwa ya jasusi mmoja ambaye kwa kweli alizidisha. Aliruka na gari juu ya bwawa la maji. Alipigana na watu kumi na wawili juu ya treni, na tai yake haikulegea. Bomu alilizima kwa pini ya nywele aliyoichomoa kichwani mwa mwanamke, tena huku wakiongea mambo mengine. Bukavu nzima ikagawanyika. Mkatekista akasema ni uongo mtupu, watoto watavunjika miguu kwa kuruka mapaa. Ignace, mchomeleaji wa garaji, akasema gari likiruka vile resori zote, zile springi zake, zinabaki hewani. Adalbert yeye hakuona gari wala bomu. Alizungumzia tai na koti tu, maana serikali ya Zaïre ilikuwa imepiga tai marufuku, na alikuwa ameshona abakosti, makoti yasiyotaka tai, mpaka amechoka.

Nyumba yenye watoto haiachwi peke yake. Modeste akaenda kuiona Jumamosi, Monique akabaki. Jumapili, baada ya misa na chakula, ikawa zamu ya Monique na mdogo wake Sophie. Walikuwa wamekubaliana mmoja asimsimulie mwenzake kitu mpaka wote wawili wawe wameona. Modeste alishika ahadi hiyo kwa shida kubwa, maana filamu ilikuwa imemjaa mdomoni.

Jumapili jioni wakaketi mbele ya bugali na sambaza, dagaa wa ziwani.

"Sasa niambie," akasema Modeste. "Kipande gani kilikupendeza?"

"Ile ya kudansa mu hoteli," akasema Monique. "Na ile koti yake mweupe. Fundi Adalbert alisema ile koti imekatwa sawasawa, haina hata mukunjo."

Modeste akarudisha tonge sahanini.

"Adalbert alikuwako?"

"Batu boote balikuwako."

Modeste akanywa maji, akajilazimisha kutabasamu. "Na pale mu dansi, batu habakumuogopa? Mutu balimuzika, halafu anakuja kudansa?"

Monique akacheka. "Balimuzika wapi? Alikuwa hajakufa bado. Anadansa kwanza, kisha helikopta inaanguka, njo banamuzika."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Modeste alikuwa ameona kwa macho yake mawili: helikopta kwanza, jeneza, bendera, vilio, halafu mzikwa mwenyewe akaingia hotelini na koti jeupe, bila maelezo, akashika mwanamke kiunoni na kudansa. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Kwa Modeste hiyo ndiyo ilikuwa sehemu tamu kuliko zote, na alikuwa tayari kugombana na yeyote mwenye kubisha kwamba jasusi wa kweli kaburi halimwezi. Sasa mkewe anamwambia hakuna aliyefufuka.

"Kwako kaburi inakuja nyuma ya dansi?" akauliza tena, taratibu.

"Minakuambia nilivyoona."

Njia ya mwongo ni fupi, akawaza Modeste. Mwanamke huyu hakuingia ukumbini. Kuna mtu aliyemsimulia filamu, akaisimulia vibaya, na walikuwa mahali ambapo hawakuwa na haja ya kuitazama. Nani mwingine angetaja mkunjo wa koti? Wivu ukamkaba hata hamu ya sambaza ikamwisha, naye ni mtu aliyependa sambaza kuliko nyama.

Siku mbili alimuuliza njia hii na ile. Helikopta ilikuwa ya rangi gani? Jeneza lilibebwa na wangapi? Monique alijibu yote sawa, ila utaratibu wake haukubadilika: dansi kwanza, kaburi baadaye. Kila jibu sahihi lilimwongezea Modeste uchungu, maana lilionyesha kwamba msimuliaji wake alikuwa ametumia muda.

"Uliza Sophie," akasema Monique mwishowe.

"Sophie ni damu yako. Atasema nini?"

"Basi unataka niseme nini?"

"Enda kwa baba yako, kule Katana. Filme ikikurudilia mu kichwa sawasawa, utarudi."

Monique hakulia. Aliwapeleka watoto wakubwa wawili, Camille na anayemfuata, kwa shangazi yao, akamfunga mdogo mgongoni, akapanda lori. Kuanzia hapo Modeste akawa anapita mbele ya cherehani ya Adalbert asubuhi na jioni. Adalbert akipiga mluzi, Modeste anaumia: anafurahia nini? Adalbert akinyamaza, anaumia zaidi: anamuwaza nani?

Alhamisi Ignace na dereva mmoja wa lori wakakaribia kupigana garajini.

"Alifufuka. Nilikuwako siku ya posho," akasema Ignace, aliyeiona Jumamosi kama Modeste.

"Nami nilikuwako siku ya Mungu. Hakufufuka. Alidansa kwanza, njo bakazika sanduku, na mule ndani haikukuwa yeye," akasema dereva, aliyeiona Jumapili.

Kando yao alikaa Philémon, mwendeshaji wa mashine ya sinema, akisubiri pikipiki yake. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Musipigane. Filme iko mu bobini tano, vipande bitano bya kufatana. Siku ya posho nilikosea, nilitangulisha ya ine, kisha ya tatu. Mulisimama kunipigia makofi, nikanyamaza. Siku ya Mungu nikaweka sawa."

Modeste alikuwa chini ya gari. Hakutoka haraka. Aliyeona filamu iliyoharibika ni yeye, na kwa filamu hiyo alikuwa amemhukumu mama wa watoto wake. Hasira hasara, wazee walishasema. Lakini furaha ndiyo iliyotangulia, aibu ikafuata: kumbe Monique alikuwa ukumbini! Sasa alikuwa na ushahidi.

Jumamosi, baada ya kazi ya lazima ya salongo, akapanda lori la Katana pamoja na Philémon na bidoni, dumu lililojaa kasiksi, pombe ya ndizi. Kule pombe ya mkwe anayefuata mkewe huwekwa katikati ya nyumba, na haifunguliwi mpaka binti aseme neno lake.

Muzee Stanislas, baba yake Monique, akasikiliza. Philémon akapanga vikombe vitano juu ya meza, akabadilisha cha tatu na cha nne, akaeleza, akavirudisha, akaeleza tena. Muzee akatikisa kichwa.

"Basi ule mutu banamulilia bure."

"Na bibi yake, alilia?" akauliza Anne-Marie, mama mkwe, akimaanisha mke wa jasusi.

"Hana bibi, maman."

"Njo maana anarukaruka."

Watu wakacheka, Modeste naye akacheka, akaona mambo yamekwisha. Akaita: "Monique, unasikia? Ulisema kweli. Philémon amehakikisha."

Monique alikuwa ameketi mkekani, mtoto mapajani. Hakucheka.

"Nimesikia. Sasa nikuulize. Kama Philémon hakukuambia, ungekuja?"

Modeste akamtazama Philémon.

"Kama ningesinzia, nikasahau kipande? Ungeniacha hapa juu ya bobini moja?"

"Imekwisha, mama Camille. Ninakuamini."

"Unamuamini Philémon."

Modeste alijua la kusema: aseme nimekosa, anyamaze, asubiri. Maneno yalikuwa mepesi na yalikuwa tayari. Lakini tangu Alhamisi, chini ya furaha yake yote, kulikuwa na kitu kilichokuwa kikimtafuna. Kama Monique alikuwa ukumbini, na Adalbert naye alikuwa ukumbini, basi walikuwa pamoja gizani, saa mbili nzima. Alijaribu kukimeza. Hakikumezeka.

"Niambie kitu kimoja tu," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe. "Adalbert alikaa fasi gani?"

Philémon akainamisha macho. Mama mkwe akasimama, akatoka nje. Monique akamtazama mumewe, bila hasira, kisha akamfunga mtoto mgongoni akaenda kuota moto jikoni.

Muzee Stanislas akaisukuma bidoni kwa mguu, polepole, mpaka ikagusa viatu vya mkwewe.

"Beba pombe yako," akasema. "Lori ya mwisho ingali barabarani."